Mchagua Jembe si Mkulima: Neno kwa Anayeanza Kuandika Programu



Methali niliyoitanguliza katika makala haya si ngeni kwako. Tuliisoma darasani, na huenda ingali katika daftari lako pamoja na maana yake: mtu apitishaye asubuhi nzima akipima uzito wa jembe, akibishana juu ya mpini na kulinganisha makali, huyo si mkulima. Mkulima hushika lililopo akaingia shambani. Leo nataka kuitumia methali hiyo kwa ugomvi. Nagombana na ushauri mmoja ulioenea mno hapa Kigali, ushauri usemao kwamba kijana anayetaka kujifunza kuandika programu za kompyuta hana budi kuanza na zana zile zile wazitumiazo mabingwa, na asipokuwa nazo, asubiri mpaka azipate. Nasema ushauri huo ni mbaya. Ni mbaya kwa mfuko wa mzazi, ni mbaya kwa akili ya mwanafunzi, na kwa kuwa hapa tunazungumza habari za uraia, nathubutu kusema kwamba ni mbaya kwa nchi.

Utaniuliza: mwalimu wa Kiswahili ameingiaje katika mambo ya kompyuta? Nitakujibu kwa kisa.

Mwaka huu mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani alinitembelea nyumbani, Kimironko. Alikuwa na karatasi mkononi. Muuzaji wa duka moja la katikati ya mji alikuwa amemwandikia orodha ya vitu ambavyo, kwa maneno ya muuzaji huyo, “mprogramu hawezi kuanza bila navyo”: kompyuta mpakato mpya yenye kumbukumbu kubwa, skrini ya pili, na programu kadhaa ambazo duka lingemsakinishia kwa malipo. Mama yake, ambaye huuza mboga sokoni, alikuwa tayari kutoa akiba yake yote katika kikundi cha kuweka na kukopa, kile tunachokiita ikimina, ili mwanawe asibaki nyuma. Nyumbani walikuwa na kompyuta ya mtumba, lakini waliambiwa haifai.

Nilimwomba kijana anionyeshe programu aliyokwisha kuiandika, hata iwe ya mistari kumi. Aliinamisha kichwa. “Bado, Mwalimu. Kwa miezi mitano nimekuwa nikitazama video zinazolinganisha vihariri na kompaila. Bado sijajua kipi kilicho bora.”

Miezi mitano, msomaji wangu! Katika miezi mitano mahindi hupandwa, hupaliliwa na kuvunwa. Huyu bado alikuwa kwenye ukingo wa shamba, akichagua jembe.

Vitu viwili, si kimoja

Kabla sijaendelea na ugomvi wangu, tuelewane juu ya maneno, maana hila nyingi hujificha katika maneno yasiyoeleweka.

Kihariri ni mahali pa kuandikia. Ndicho daftari lako na kalamu yako. Unaandika humo msimbo, yaani maagizo kwa lugha ya programu kama vile C au Python, kisha unauhifadhi katika faili. Kihariri chenyewe hakijui kama ulichoandika ni programu, shairi au orodha ya vitu vya sokoni.

Kompaila ni mfasiri. Huchukua msimbo uliouandika, huusoma wote, huukagua, na kuugeuza kuwa maagizo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza. Fikra hii ina umri wa kutosha: Grace Hopper wa Marekani alitengeneza mfumo wake wa A-0 mwaka 1952, na tangu hapo mwanadamu amezidi kupunguziwa mzigo wa kuongea na mashine kwa tarakimu tupu.

Kiswahili chetu kina neno jingine linalotufaa hapa: mkalimani. Mfasiri hupokea maandishi, akakaa nayo, akakurudishia maandishi kamili katika lugha nyingine. Mkalimani husimama kati ya wawili na kugeuza maneno papo hapo, yanavyotamkwa. Lugha ya C kwa kawaida hupitia kwa mfasiri. Lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, kwa kawaida huendeshwa na mkalimani. Ukiishika tofauti hiyo, umeshika jambo ambalo watu wengi huwa wamelipita mbio.

Sasa tazama lile linalofanywa na zana kubwa. Huunganisha kihariri, kompaila na mambo mengine mengi nyuma ya kitufe kimoja. Unabonyeza, programu inaendeshwa. Kwa bingwa hilo ni jambo jema, kwa sababu anajua kilichofichwa. Kwa mwanafunzi ni pazia. Hajui kwamba kuna mfasiri, hajui kwamba kuna faili iliyozaliwa, hajui kosa limetokea wapi. Mfano wake ni Visual Studio Code, kihariri kilichotolewa na Microsoft mwaka 2015 na kupendwa duniani kote. Ni kihariri kizuri, wala sina kinyongo nacho. Lakini hakina kompaila ya C ndani yake. Mwanafunzi hukisakinisha, huandika msimbo wake wa kwanza, hubonyeza kitufe cha kuendesha, na kuambiwa kwamba mfasiri hapatikani. Hajawahi kuambiwa kwamba ni vitu viwili. Basi hujilaumu mwenyewe. Husema, “Labda sina akili ya kompyuta.” Wangapi tumewapoteza kwa sentensi hiyo?

Linganisha na njia ya mguu. Fungua kihariri chepesi. Andika mistari mitano ya C. Ihifadhi kwa jina salamu.c. Fungua dirisha la amri na uandike: gcc salamu.c -o salamu. Mfasiri akiridhika hatasema neno. Atakuachia tu faili mpya iitwayo salamu. Andika ./salamu, na maneno yako yatatokea. Umeandika, umefasiri, umeendesha. Hatua tatu, na zote umeziona kwa macho yako. Siku kitufe cha zana kubwa kitakapokataa kufanya kazi, wewe utajua pa kuanzia kutafuta.

Mfasiri mkali ndiye mwalimu mwema

Unakumbuka jinsi nilivyokuwa nikikusumbua kwa upatanisho wa kisarufi? Ulisema “kitabu hii imepotea”, nami nikakusimamisha: “Kitabu hiki kimepotea.” Ulinung’unika, ilhali hata katika Kinyarwanda husemi ovyo: unasema igitabo cyanjye, wala hulichukui neno la ngeli nyingine ukalibandika hapo. Ngeli ni ahadi. Ukisema ki- mwanzoni, umeahidi kwamba maneno yatakayofuata yataitii.

Kompaila ya C inafanya kazi hiyo hiyo. Ukitangaza kwamba kitu fulani ni namba, kisha ukakitumia kana kwamba ni maneno, mfasiri atakusimamisha au kukuonya. Ukisahau nukta-mkato mwishoni mwa sentensi, atakutajia mstari wenyewe na kusema alitazamia nukta-mkato kabla ya neno linalofuata. Wanafunzi wengi wakiona maandishi hayo mekundu huogopa, wakafunga dirisha, wakaenda kutafuta zana “isiyo na makosa”. Ndugu zangu, hakuna zana isiyo na makosa. Kuna zana inayokuonyesha makosa yako na zana inayokuficha. Mwalimu asiyesahihisha insha hapendwi kwa wema wake. Hupendwa kwa uvivu wetu.

Ndiyo maana nawasihi wanaoanza wasiwashe kwanza zana za akili mnemba zinazoukamilisha msimbo kabla mtu hajamaliza kufikiri. Najua zina nguvu, najua mabingwa huzitumia. Lakini fikiri: ungejifunzaje Kiswahili kama kila ulipofungua kinywa mtu angekudakiza na kukumalizia sentensi? Sentensi zingekuwa nzuri. Zisingekuwa zako. Siku ungeachwa peke yako kituoni Nyabugogo na abiria kutoka Dar es Salaam, ungekuwa bubu.

Hoja za upande wa pili

Nisiwe mtu wa kujishindia mwenyewe uwanjani. Wanaonipinga wana hoja, nami nitazitaja kwa haki.

Hoja ya kwanza: “Waajiri wanataka watu wanaozijua zana za kisasa.” Ni kweli. Katika ofisi nyingi utakuta kihariri kikubwa chenye kila kitu. Lakini angalia historia ya madarasa yetu. Wazazi wenu wengi walisoma kwa Kifaransa. Mwaka 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Katika mabadiliko yote hayo, mbili na mbili haikuacha kuwa nne. Aliyeielewa hisabati aliivusha kutoka lugha moja hadi nyingine. Aliyekariri maneno ya mwalimu alianza upya. Zana ni hivyo hivyo. Mtu aliyeelewa kazi ya kompaila atajifunza kihariri cha ofisi yake kwa siku chache. Aliyejifunza vitufe vya kihariri kimoja tu ataanza upya kila ofisi itakapobadili zana, na ofisi hubadili.

Hoja ya pili: “Basi kama wepesi ndio unaotakiwa, turudi kwenye zana za zamani.” Wapo walimu wanaofanya hivyo. Kijana wangu aliwahi kusoma katika kituo kimoja ambako walifundishwa kwa Turbo C++, zana ya kampuni ya Borland iliyotoka mwaka 1990. Ilikuwa zana bora ya wakati wake. Lakini lugha ya C++ ilipata kiwango chake cha kimataifa mwaka 1998, miaka minane baadaye. Mwanafunzi aliyelelewa na Turbo C++ huandika iostream.h na kufuta skrini kwa clrscr, kisha akipeleka msimbo huo kwa kompaila ya leo, hukataliwa tangu mstari wa kwanza. Huko ni kumfundisha mtu Kiswahili kwa barua za kale pekee, kisha kumtuma sokoni. Wepesi ninaoutetea si ukongwe. Kompaila na iwe ya leo. Kihariri ndicho kinachoweza kuwa kidogo.

Hoja ya tatu husemwa kwa kunong’ona: “Zana za kulipia zinapatikana bure, kuna mtu atakuwekea nakala iliyovunjwa kufuli.” Hapa sitanong’ona. Nakala ya namna hiyo ni wizi, na mara nyingi mwizi wa kwanza huibiwa na wa pili: programu zilizovunjwa kufuli ni mlango unaojulikana wa virusi. Zaidi ya hayo, ni wizi usio na sababu. Kompaila zinazotumiwa na mabingwa wenyewe hutolewa bure na kwa halali. Kuiba maji ilhali umekaa kando ya mto ni aibu mara mbili.

Jembe ambalo unaweza kulifungua

Nimefika kwenye hoja iliyonifanya niandike makala haya mahali hapa panapohusu uraia.

GCC, kompaila niliyoitaja hapo juu, ilitolewa kwa mara ya kwanza na Richard Stallman mwaka 1987. Huwezi kuinunua kwa maana ya kawaida, kwa sababu leseni yake inakupa haki nne: kuitumia upendavyo, kuuchunguza msimbo wake, kuubadili, na kuwapa wengine nakala. Mtu asiyependa kufikiri atasema, “Mimi ni mwanafunzi tu, nitaubadili msimbo wa kompaila ili iweje?” Ngoja nikukumbushe mambo mawili yaliyotokea katika eneo letu.

La kwanza lilitokea hapa hapa. Kuanzia mwaka 2008 Rwanda iliingia katika mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na zaidi ya kompyuta ndogo 200,000 zilifika katika shule za msingi. Huenda wewe msomaji uliishika mojawapo: ile XO, nyeupe na kijani, yenye masikio mawili ya antena. Sehemu kubwa ya programu zake ilikuwa imeandikwa kwa Python, na waliobuni mashine hiyo waliiwekea kibodi yake kitufe cha kutazama msimbo wa programu ambayo mtoto anaitumia. Fikiri juu ya kitufe hicho. Kilimwambia mtoto wa miaka tisa wa Rwamagana au Rusizi: kitu hiki kimetengenezwa na watu, nawe una haki ya kutazama walivyokitengeneza. Je, uliwahi kuambiwa kwamba kipo? Ulikibonyeza? Nawauliza vijana swali hili kila mara, na nyuso zao hunijibu kabla ya midomo. Mashine tuliipewa. Kitufe hatukufundishwa. Ndiyo tofauti kati ya nchi ya watumiaji na nchi ya waundaji.

La pili lilitokea Tanzania. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu kamili ya ofisi iliyozungumza Kiswahili: menyu zake, maonyo yake na maelekezo yake. Hawakungoja kampuni yoyote ya ng’ambo ihesabu kama wasemaji wa Kiswahili wanatosha kuleta faida. Msimbo ulikuwa wazi, leseni iliwaruhusu, wakaketi wakafanya kazi. Huo ndio uraia ninaousema: mtu hangoji kupewa lugha yake; anaiandika mwenyewe mahali palipoachwa wazi.

Hapa ndipo methali yetu inapohitaji rafiki wa kuisahihisha. Ni kweli kwamba mchagua jembe si mkulima. Lakini Jumamosi ya mwisho ya mwezi, tunapokwenda kwenye umuganda, kila mtu hubeba jembe au panga analoweza kulinoa mwenyewe. Hakuna anayebeba jembe ambalo makali yake yanamilikiwa na mtu mwingine, naye akaruhusiwa kulima tu. Basi usichague kwa umaarufu wala kwa sura. Chagua kwa haki.

Nami niwe mwadilifu hata kwa Visual Studio Code. Microsoft iliufungua msimbo wake mwaka 2015, lakini nakala wanayoitoa wao ina leseni yao wenyewe na hukusanya taarifa za matumizi mpaka uzime mpangilio huo. Jumuiya ya watu wa kujitolea hutoa nakala iliyoondolewa ukusanyaji huo, iitwayo VSCodium. Tena kihariri hiki kimejengwa juu ya Electron, yaani hubeba ndani yake kivinjari kizima. Ndiyo maana kompyuta ya mtumba yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu huhema inapokifungua. Kosa si la kompyuta ya mama yako. Jembe ndilo limekuwa trekta.

Nini basi kichaguliwe?

Mgomvi asiyetoa njia ni mpiga kelele. Nitatoa njia, nawe ipime.

Jiulize maswali manne tu. Je, zana hii itaendeshwa na mashine niliyo nayo leo, si ile ninayoiota? Je, ikishapakuliwa, itafanya kazi hata kifurushi cha intaneti kikiisha? Je, itanionyesha kosa langu waziwazi? Je, leseni yake inaniruhusu kuichunguza na kumpa jirani yangu nakala? Zana inayojibu ndiyo mara nne inakutosha. Acha kutafuta.

Ukianza na Python, chukua Thonny, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu huko Estonia kwa ajili ya wanaoanza. Inakuja na Python yake ndani, na inakuwezesha kutembea hatua kwa hatua katika msimbo wako ukiona kila kitu kinavyobadilika. Ukianza na C au C++, chukua kihariri chepesi kama Geany pamoja na GCC. Katika mifumo ya Linux ya familia ya Debian, furushi moja liitwalo build-essential hukuletea kompaila na wenzake. Katika Windows, Code::Blocks ina nakala inayokuja pamoja na GCC. Huna kompyuta kabisa, una simu ya Android? Programu iitwayo Termux hukupa dirisha la amri, na ndani yake unaweza kusakinisha Python na Clang, ambayo ni kompaila nyingine huru ya C. Skrini ni ndogo, vidole vitachoka, lakini utakuwa umeanza.

Na siku utakapokomaa, ijaribu Vim. Ilitolewa na Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991, na huendeshwa hata na mashine iliyochoka. Siku ya kwanza itakutoa jasho. Wapo watu wazima ambao hawakujua namna ya kutoka humo mpaka walipozima kompyuta. Lakini ifungue bila faili yoyote, huenda ukaona ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alifanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994. Aliporudi kwao aliamua kwamba yeyote aliyependa kihariri chake na kutaka kushukuru, awachangie watoto wa kituo cha huko. Alifariki mwaka 2023, na ombi lake lilikuwa limesomwa na waandika programu wa kila bara. Zana huru haikumfanya maskini wa utu.

Kisha, ukishachagua, usibadilishe. Kaa na zana hiyo mpaka umeandika programu kumi zinazofanya kazi. Anayehama nyumba kila wiki hafahamiki na jirani yeyote.

Faranga kumi za mama

Nimalizie kisa changu. Kijana yule hakununua kompyuta mpya. Akiba ya mama yake ilibaki katika ikimina. Tuliifuta ile kompyuta ya mtumba, tukaiwekea Linux nyepesi, na nikampa kazi moja: aandike programu ya C itakayogawa fedha za kikundi cha mama yake mwishoni mwa mwaka.

Baada ya siku nne alirudi akitabasamu. Kompaila ilikuwa imemkemea mara nyingi, naye alikuwa ameisikiliza kila mara mpaka ikanyamaza. Mama yake aliijaribu programu kwa mfano wa faranga 100,000 na wanachama 30. Programu ikajibu: kila mmoja apewe faranga 3,333. Mama, ambaye hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, alichukua kalamu, akazidisha, akauliza: “Mwanangu, faranga kumi zimekwenda wapi?”

Kijana alishtuka. Alizidisha mwenyewe: 3,333 mara 30 ni 99,990. Zimepungua kumi. Na kompaila haikusema neno! Alikaa usiku huo akitafuta, akagundua kwamba katika C, ukigawanya namba nzima kwa namba nzima, sehemu inayobaki hutupwa kimya kimya. Hakuwa amekosa sarufi. Alikuwa amekosa ukweli.

Jambo hilo nalo nililifundisha darasani, ingawa kwa mfano mwingine. “Kitabu kinakula mbuzi” ni sentensi ambayo upatanisho wake hauna kasoro. Msahihishaji wa sarufi ataipitisha. Mfugaji hataipitisha. Hakuna kompaila, wala kihariri, hata kile chenye bei ya ng’ombe, ambacho kingemwambia kijana kwamba wanawake 30 wa soko wangekosa faranga kumi na kutazamana kwa shaka. Aliyejua ni mama, kwa sababu alijua kazi ile ni ya nini.

Kijana aliongeza mstari mmoja wa kuhesabu kinachobaki, na kikundi kikaamua kitawekwa katika mfuko wa mwaka unaofuata. Ni programu ya mistari ishirini na kitu. Imeandikwa kwa zana zisizogharimu faranga hata moja, kwenye kompyuta iliyoambiwa haifai.

Basi, mwanafunzi mpendwa, kazi yako ni hii. Kabla ya umuganda ujao uwe umechagua kihariri kimoja na kompaila moja, kwa maswali manne niliyokupa, usiku mmoja tu. Asubuhi yake andika mistari mitano. Uikosee. Uyasome makosa yako polepole, kama unavyosoma sahihisho langu la wino mwekundu. Kisha umtafute mtu mwenye tatizo la kweli, sokoni, shuleni au nyumbani, umuulize faranga zake zinapotelea wapi.